Gari Jepesi Hupimwa Kwenye Kona

Watu wakilinganisha magari madogo ya michezo, mara nyingi huanza na nguvu za farasi na sekunde za kufikia kilomita mia kwa saa. Kwa gari jepesi, nambari hizo hazifiki mbali. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyooneshwa Chicago mwaka 1989, ilikuwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi zipatazo 115. Magari mengi ya familia ya leo yataiacha kwenye barabara iliyonyooka, na bado madereva wajuzi wanaitafuta. Wanachokitafuta ni uaminifu: gari linalokuarifu mapema kila linalotaka kufanya, na linalotii kwa kiasi kilekile ulichoamuru.

Msingi wa uaminifu huo ni uzito. Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, aliliweka wazi hilo kwa gari lake la Lotus Seven la mwaka 1957, ambalo Caterham walichukua haki za kulitengeneza mwaka 1973. Toleo lao la 170, la mwaka 2021, lina uzito wa kilo 440 hivi. Kilo zikipungua, springi zinaweza kuwa laini bila bodi kuyumba ovyo, breki hazichoki haraka, na tairi nyembamba zinatosha. Tairi nyembamba huonya taratibu, mwendo ukiwa bado wa wastani, kwa hiyo dereva anapata muda wa kusikiliza.

Ukitaka kulipima gari, tafuta uwanja uliofungwa au barabara tulivu unayoijua vizuri, uende mwendo usiokutia hofu. Mwenye hofu hapimi kitu.

Anza na usukani. Ukiwa kilomita 50 kwa saa, uguse kidogo kutoka katikati. Pua ya gari ianze kugeuka papo hapo, bila kukurupuka. Kisha ukiendelea kukata kona, usukani uzidi kuwa mzito kadiri tairi za mbele zinavyobeba mzigo. Hapa Lotus Elise ya mwaka 1996 ni mwalimu mkuu. Ina kilo 725 hivi, injini iko nyuma ya viti, tairi za mbele zina upana wa milimita 185 na za nyuma 205, na haina pawa stering. Changarawe, kiraka cha lami, mstari wa rangi: vyote vinafika viganjani.

Pili, chunguza namna gari linavyoingia kwenye kona. Chukua MX-5 ile ya kwanza. Kanyaga breki, pua inainama. Achia breki polepole huku ukikata usukani, na bodi inalalia upande wa nje. Wasioizoea huona kulala huko ni udhaifu. Tulia usikilize: inalala kwa mwendo mmoja, inafika kikomo, inakaa. Kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili ya sasipensheni, wa juu na wa chini, kwa hiyo bodi ikilala tairi inaendelea kuikanyaga lami vizuri. Ukizidisha mwendo, usukani unapungua uzito mkononi kabla tairi za mbele hazijaanza kuteleza. Wepesi huo wa ghafla ndio onyo, na gari zuri halikosi kulitoa. Lenye kasoro hulala kwa vipande viwili: linaanza, linasita, kisha linaanguka.

Tatu, katikati ya kona, punguza mafuta kidogo, kisha ongeza. Gari lililosawazishwa huvuta pua ndani unapopunguza, na huipanua kidogo njia yake unapoongeza. Katika MX-5, mkia ukitoroka, unatoroka polepole na unarudishika. Elise hujibu kwa haraka zaidi, kwani uzito mwingi uko nyuma: kutoa mguu ghafla kwenye kona kali kunaweza kuuzungusha mkia. Ni gari la dereva aliyekwisha kufunza mguu wake adabu.

Nne, tazama kama viungo vyote vinasema lugha moja. Usukani, klachi, breki na gia vinatakiwa kudai nguvu inayolingana. Usukani mwepesi wenye klachi nzito huvunja mdundo wa safari nzima. Gia ya MX-5 inasifiwa kwa haki: mwendo wake ni mfupi, na kila namba inaingia kwa uhakika.

Tabia hazifanani, na zisifanane. Toyota GT86 ya mwaka 2012 ilipewa kwa makusudi tairi za mshiko wa kawaida, za aina iliyotumika pia kwenye Prius, ili mkia ucheze kwa spidi ndogo. Alpine A110 ya mwaka 2017 ina tani 1.1 hivi na springi laini. Inapita juu ya barabara mbovu kwa utulivu ambao magari magumu hayaupati. Caterham haifichi kitu, ila upepo na kelele zake humchosha dereva katika safari ndefu.

Kabla ya kulihukumu gari lililotumika, kagua tairi, upepo wake, alaimenti na bushi za sasipensheni. Bushi zilizochoka huleta usukani wenye usingizi na kona zenye mashaka, na mnunuzi akadhani ndiyo tabia ya gari. Tairi nne zisizolingana zinaharibu kazi ya mhandisi hodari kuliko yote.

Anayejifunza namshauri aanze na MX-5, kwa kuwa inasamehe huku ikieleza kosa lako. Aliyekomaa aiendee Elise. Kwa lolote utakalojaribu, liulize swali moja: je, lilikwambia kabla ya kutenda? Likishindwa hapo, nguvu za farasi hazitaliokoa.