Mwalimu Anayekubali Sana

Dodoso la mitazamo ya walimu kuhusu teknolojia halihitaji kufunguliwa ili lijulikane. Kuna sentensi, na mbele yake visanduku vitano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali sana", mtindo ulioasisiwa na Rensis Likert mwaka 1932. Mwalimu wa Kiingereza anasoma: "Kompyuta huwasaidia wanafunzi kujifunza lugha." Anatia vema kwenye "nakubali sana". Nani akatae, tena fomu imeletwa ofisini na mkuu wa shule mwenyewe? Basi ripoti inatoka vilevile kila mara: mtazamo ni chanya, tatizo ni vifaa na mafunzo.

Larry Cuban wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wawili walipita njia nyingine. Walikwenda kwenye shule mbili za sekondari huko Silicon Valley, ambako kilio cha uhaba wa vifaa hakina mashiko. Walihoji, ndiyo, lakini pia waliandamana na walimu na wanafunzi kipindi baada ya kipindi, wakinukuu kinachotendeka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Walimu wale hawakuwa waoga wa mashine. Wengi waliitumia kompyuta kuandaa masomo. Wakiingia darasani, wengi waliigusa kwa nadra au hawakuigusa kabisa, na waliokuwa wakiitumia aghalabu walifundisha kama walivyofundisha siku zote. Vipindi vilikuwa vifupi, muda wa maandalizi haba, na mitambo iligoma.

Mtu anaweza kusema kwamba shule mbili ni chache, na hapo ana haki. Atasema pia mwalimu akitazamwa hubadilika. Hilo mimi nalichukulia kama nguvu ya utafiti, kwa sababu mwalimu anayejua amefuatwa kwa ajili ya kompyuta angejitahidi kuiwasha.

Kenya ina mfano ambao dodoso haliwezi kuunasa. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya mtihani wa kumaliza sekondari (KCSE), yenye alama 60, nusu ya alama hizo ni za stadi za mazungumzo, na zote hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa huandika maneno yanayotamkwa sawa, au hueleza kimaandishi angelighani vipi shairi alilopewa. Sasa mchukue mwalimu anayewarekodi wanafunzi wake kwa simu wakighani, kisha akawasikilizisha sauti zao ili wajirekebishe. Ni somo zuri sana. Lakini kipindi ni cha dakika 40, darasa limejaa, kengele inalia hata robo yao hawajasikika, na siku ya mtihani hakuna atakayeisikia sauti ya mtu. Wiki inayofuata mwalimu huyo anarudi kwenye karatasi za miaka iliyopita. Mtazamo wake haujabadilika hata chembe.

Kwa hiyo ningekuwa mtafiti, ningeanza na maswali yasiyo na visanduku: jana kipindi cha tatu ulifundisha nini, ulitumia kifaa gani, na ufunguo wa chumba cha kompyuta alikuwa nao nani?