Lubumbashi: Nani Analipia Mitaro?

Kinachoua lami ya Lubumbashi kwanza ni maji. Mvua hushika kuanzia Novemba hadi Aprili, na udongo mwekundu wa Katanga ukishalowa hauna tena nguvu ya kubeba mzigo. Mtaro ukiziba, maji hupanda barabarani, hutafuta ufa na kupenya hadi kwenye tabaka la changarawe. Lori likipita juu yake, gurudumu hukamua maji hayo yakatoka na udongo laini, chini pakabaki tupu. Muda si mrefu, shimo limefunguka.

Malori nayo yana hesabu yake. Majaribio yaliyofanyika Ottawa, Illinois, nchini Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara kwa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyozidishiwa mzigo kwa asilimia 20 huumiza barabara mara mbili ya ekseli halali. Sasa fikiria mji ulio juu ya Barabara ya Taifa namba 1, ambako shaba na kobalti hupita kila siku kuelekea mpaka wa Kasumbalesa.

Wenye dhamana ya barabara hizi ni wengi. Office des Routes inashughulikia barabara kuu za nchi. OVD, iliyoundwa 1987, inashughulikia barabara za miji na mifereji yake. FONER, mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya 2008, unakusanya tozo kwenye mafuta na ushuru wa barabarani. Kisha lipo jimbo, upo mji, na zipo komini 7. Jimbo la zamani la Katanga, kupitia idara yake ya mapato, DRKAT, liliwatoza wachimbaji kodi ya jimbo kwa ajili ya barabara na mifereji. Chini ya gavana Moïse Katumbi, 2007 hadi 2015, barabara nyingi za mji zilikarabatiwa, na wakazi waliiona tofauti. Lakini kuweka lami ni kazi ya mara moja, na kuitunza ni kazi ya kila mwezi. Kazi hii ya pili haina sherehe wala utepe wa kukata, ndiyo maana bajeti huisahau.

Fedha zenyewe zipo kisheria. Kanuni ya madini ya 2002 ilitenga asilimia 25 ya mrabaha kwa jimbo na asilimia 15 kwa mamlaka ya mahali penye mgodi. Ile ya Machi 2018 haikugusa viwango hivyo viwili, ilibadilisha njia. Zamani fedha zilipitia hazina ya Kinshasa, na huko chini watu wakasubiri. Sasa kampuni inalipa moja kwa moja kwenye akaunti ya jimbo na ya mamlaka husika. Kiwango cha mrabaha wa shaba nacho kilipanda kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na kobalti, iliyotangazwa madini ya kimkakati mwaka huohuo, ikafika asilimia 10. Kwa maoni yangu, hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote yaliyowahi kuigusa barabara ya mtaani, ingawa sheria yenyewe haikuandikwa kwa ajili ya barabara.

Kasoro iko hapa: sehemu ya asilimia 15 inafuata mgodi ulipo. Komini za Katuba, Kenya na Kamalondo, zenye watu waliobanana, hazina mgodi. Mvua inawanyeshea sawa na wengine.

Mfano wa kuiga hauko mbali. Vijijini Kongo kuna kamati za matengenezo ya barabara, zinazojulikana kama CLER. Wakazi wa kando ya barabara wanapewa mkataba wa kipande chao na kulipwa kwa kazi iliyokaguliwa: kufyeka nyasi, kuzibua mifereji, kujaza mashimo yakiwa bado madogo. Wanatumia koleo, panga, jembe na toroli. Kwenye barabara za udongo kuna pia vizuizi vya mvua: kukinyesha, lango linafungwa, lori linangoja hadi njia ikauke. Madereva hulalamika, ila barabara inapona.

Kwa mitaa ya mjini, mpango huo unahitaji kurekebishwa kidogo tu. Mtaro unazibuliwa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, na taka zilizotolewa zinabebwa siku hiyohiyo. Zikiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inazirudisha ndani. Shimo la lami nalo lina utaratibu: kingo zinakatwa wima hadi kwenye lami nzima, matope yanatolewa yote, changarawe inashindiliwa kwa tabaka, kingo zinapakwa bitumini, ndipo lami ya moto inawekwa na kushindiliwa ikiwa juu kidogo ya barabara. Kifusi kinachomwagwa ndani ya maji hakimalizi hata msimu.

Viongozi wa mji na wa jimbo wana uwezo wa kuamua kwamba sehemu ya mrabaha iingie kwenye mfuko mmoja wa mitaro, ugawanywe kwa urefu wa mitaa badala ya ukaribu na mgodi, na hesabu zake zibandikwe kwenye ofisi za komini zote 7. Waamue kabla ya Septemba, na kamati za mtaa zidai kuiona hesabu hiyo.