Kukosa, Kupotea na Kujikwaa: Uhakiki wa Visawe vya Maneno ya Makosa katika Kiingereza na Kilithuania

Kamusi ya lugha mbili hujengwa juu ya dhana ambayo aghalabu haitajwi: kwamba kila neno la lugha moja lina mwenzake katika lugha ya pili, na kwamba kazi ya mtunga kamusi ni kuwakutanisha wawili hao. Dhana hii haileti taabu kubwa katika majina ya vitu vinavyoonekana na kushikika. Katika maneno ya kutaja makosa, hata hivyo, huanza kuyumba, kwa kuwa kosa si kitu bali ni hukumu. Alitajaye huwa amekwisha kuamua kwamba ipo njia iliyo sawa, na kwamba fulani hakuifuata. Makala haya yanachunguza jinsi Kiingereza na Kilithuania zinavyoigawa hukumu hiyo, kisha yanauliza ni funzo gani linalopatikana hapo kwa watungaji wa istilahi za Kiswahili.

Kiingereza kina maneno mengi ya uwanja huu, na manne yanatosha kwa mjadala: "mistake", "error", "fault" na "slip". La kwanza lina asili ya Kiskandinavia, nalo lilimaanisha kutwaa kitu kisicho chenyewe. La pili limetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutangatanga. La tatu limepitia Kifaransa kutoka Kilatini, katika kitenzi cha kudanganya na kushindwa. La nne ni kuteleza tu. Katika matumizi ya kila siku maneno mawili ya kwanza hubadilishana nafasi mara nyingi. Msemaji wa kawaida hausikii tena utangaji uliomo katika "error", maana mzizi wake ni wa kigeni kwake na kitenzi chake hakitumiki sana.

Kilithuania, mojawapo ya lugha mbili za Kibalti zinazosemwa hadi leo pamoja na Kilatvia, kina hali nyingine. Neno lake kuu ni "klaida", na kamusi huliweka kuwa kisawe cha "mistake" na cha "error" kwa pamoja. Kwa mtazamo wa haraka mtu angesema kwamba Kilithuania kimepungukiwa, kwa kuwa kina neno moja pale ambapo Kiingereza kina mawili. Hitimisho hilo ni la upesi mno. "Klaida" haisimami peke yake, bali ni tawi la mti wenye matawi mengi yaliyo hai. "Klysti" ni kukosea katika fikira au kauli. "Suklysti" ni kufanya kosa likatimia. "Paklysti" ni kupotea njia. "Klaidžioti" ni kutangatanga. "Klaidinti" ni kumpoteza mwingine kwa kumdanganya. "Klystkelis" ni njia ya upotevu. Irabu ya mzizi hubadilika, lakini udugu wa maneno haya hubaki dhahiri kwa msemaji. Kwa hiyo Mlithuania asemapo "klaida" yu karibu na picha ya msafiri aliyeiacha njia. Picha iliyokufa katika "error" ingali hai katika kisawe chake, na hilo orodha ya kamusi haiwezi kulionyesha.

Pili, Kilithuania hakikukosa njia ya kutofautisha. Tofauti hiyo imo katika kitenzi, na anayetafuta nomino kwa nomino haioni. Kando ya "suklysti" kipo kitenzi "apsirikti", ambacho hutumika mtu anapokosea kwa kughafilika: kuchukua mwavuli wa mwenzake, au kuhesabu vibaya hali hesabu anaijua. Kutokana na mzizi huo limepatikana neno fupi "riktas", linalotumika kwa kosa dogo la kupitiwa, kama lile la msahihishaji wa chapa. Katika "apsirikti" kiambishi "-si-" cha kujirejea kimekaa kati ya kiambishi awali na mzizi. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mara moja kitenzi "kujikwaa", ambacho nacho kina "-ji-" kabla ya mzizi, na ambacho nacho humtaja mtu aliyepatwa na jambo kwa mwendo wake mwenyewe bila kulikusudia. Lugha hizi mbili hazina ukoo wala ujirani, lakini katika jambo hili zimekutana karibu zaidi kuliko kila moja inavyokutana na Kiingereza.

Jambo hili lina uzito katika taaluma. Mwaka 1967 S. P. Corder alichapisha makala iliyotenganisha "error" na "mistake" kwa maana maalumu. La kwanza alilipa kosa la kimfumo, ambalo hudhihirisha hatua aliyofikia mwanafunzi katika kuijua lugha. La pili alilipa mpotoko wa mara moja unaoletwa na uchovu, haraka au usahaulifu. Tofauti hiyo yafaa, lakini haikutoka katika Kiingereza cha watu. Iliwekwa na mtaalamu juu ya maneno mawili yaliyokuwa yakibadilishana. Mlithuania anayeifasiri kwa kuzua nomino mpya hujitaabisha bure, kwa maana "klaida" na "apsirikimas" zimekwisha kubeba sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Mswahili naye ana methali isemayo kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kosa na kujikwaa havikungoja isimu ya karne ya 20 ili vitengane.

Shida iliyo kubwa zaidi imo katika neno "fault". Kiingereza hulitumia kwa ila ya kitu, kwa hitilafu ya mtambo, kwa ufa wa miamba, na kwa lawama ya mtu. Kilithuania hukataa mkusanyiko huo. Mtambo una "gedimas", kutoka kitenzi cha kuharibika. Mwamba una "lūžis", kutoka kitenzi cha kuvunjika. Upungufu ni "trūkumas". Uovu wa tabia ni "yda". Lawama na hatia ni "kaltė". Hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Katika mzizi wake mna "kaltas", mwenye hatia, na "nusikaltimas", jinai. Mpaka kati ya "klaida" na "kaltė" ni wazi: mtu aweza kuwa na la kwanza bila la pili. Nao msemo wa Walithuania "klysti žmogiška", yaani kukosea ni ubinadamu, umetumia kitenzi cha njia, si cha hatia.

Kiswahili hakikuuchora mpaka huo mahali hapo. "Kosa" ni neno la Kibantu, na maana yake ya msingi ni kutopata: mtu hukosa shabaha, hukosa chakula, humkosa mwenyeji nyumbani. Kutoka hapo limepanda hadi kosa la hesabu, na kutoka hesabu hadi kosa la jinai. Mkosaji mbele ya mwalimu na mkosaji mbele ya hakimu huitwa kwa jina moja. "Hatia", lililotoka katika Kiarabu, limeshika upande wa hukumu, lakini halikuliondoa "kosa" katika upande huo. Upotovu nao, ambao kwa picha yake ndio jirani wa "klaida", katika Kiswahili huelekea maadili kuliko fikira. Basi anayefasiri "klaida" kwa "upotovu" ataifuata picha na kuipoteza maana. Anayefasiri kwa "kosa" ataipata maana ya kawaida, lakini ataingiza kivuli cha hatia ambacho hakikuwamo.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mpaka ulio wazi katika msamiati huwalinda watu wakati wote. Mwaka 1997 Tume ya Taifa ya Lugha ya Kilithuania iliidhinisha orodha iliyoitwa "makosa makuu ya lugha", na neno lililotumika ni "klaida". Sababu za kihistoria zinafahamika. Kuanzia 1864 hadi 1904 utawala wa Urusi ulipiga marufuku uchapishaji wa Kilithuania kwa herufi za Kilatini. Sarufi ya Jonas Jablonskis ya 1901 ilitoka Tilžė, nje ya himaya hiyo, kwa jina la kupanga. Lugha iliyopita katika dhiki hiyo, kisha katika miongo ya utawala wa Kisovieti, ilikuwa na haki ya kujilinda. Lakini mengi yaliyoorodheshwa yalikuwa maneno ya mkopo na miundo ambayo wasemaji waliitumia daima na kwa kujua. Hayo si kujikwaa, wala si makosa ya mwanafunzi kwa maana ya Corder. Kuyaita "klaida" kulikuwa kutangaza kwamba msemaji amepotea, hali yeye yu katika njia aliyoizoea.

Wasomi wa Kiswahili hawana budi kujitazama hapo. Baada ya Kiunguja kuteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, mtoto wa Mombasa aliyeandika "ndia" au "mato" aliwekewa alama ile ile ya wino mwekundu anayowekewa aliyesahau upatanisho wa ngeli, na aliyeruka herufi kwa haraka. Wa kwanza hakukosa kitu, alisema Kimvita. Wa pili ana kosa la kufundishwa. Wa tatu amejikwaa. Neno moja likiwafunika wote watatu, mwalimu hushindwa kujua yupi wa kufundishwa, yupi wa kukumbushwa na yupi wa kuachwa na lahaja yake.

Kwa mintarafu hiyo, kinachopendekezwa si kuongeza nomino ili idadi yetu ilingane na ya Kiingereza. Kidahizo cha kamusi kianzie kwenye kitenzi, kionyeshe jamaa ya neno, kisha kiseme wazi uwanja: fikira, mwenendo, mtambo au sheria. "Kosa" lilindwe kwa lile la kimfumo; "kujikwaa" kupewe nafasi katika isimu; "hitilafu" na "kasoro" zibaki kwa vitu; "hatia" ibaki kwa mahakama. Nalo umbo la lahaja liitwe kwa jina lake, yaani umbo la lahaja, lisihesabiwe popote katika uwanja huu.