Mjadala wa Spartanburg: Mshtaki Anapokuwa Hakimu

Tarehe 12 Novemba, 2011, wanasiasa waliokuwa wakiomba kuteuliwa na chama cha Republican kugombea urais wa Marekani walikutana katika Chuo cha Wofford, mjini Spartanburg, South Carolina, kujadili siasa ya nchi za nje. Waliulizwa maswali mengi, lakini moja lilikuwa zito kuliko mengine: je, ni halali Rais, kwa kauli yake peke yake, kuamuru raia anayetuhumiwa kwa ugaidi auawe? Tunauchambua mjadala huo hapa kwa sababu moja. Wengi wa waliosema siku ile wamekwisha kupita katika siasa, lakini hoja zao zingali hai, na kila dola yaweza kuziazima.

Kwanza tuweke mambo ya hakika mbele yetu. Tarehe 30 Septemba, 2011, ndege zisizo na rubani za Marekani zilimwua Anwar al-Awlaki huko al-Jawf, nchini Yemen. Mtu huyo alizaliwa New Mexico mwaka 1971. Alikuwa raia wa Marekani. Alihubiri vita dhidi ya nchi aliyozaliwa, na serikali ilimtuhumu kwamba alishiriki katika njama ya kulipua ndege ya abiria siku ya Krismasi ya mwaka 2009. Hatusemi kwamba alikuwa malaika. Tunasema kwamba hakuna mahakama ya Marekani iliyomshtaki, wala iliyosikiliza ushahidi dhidi yake. Pamoja naye alikufa Samir Khan, raia mwingine wa Marekani. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Oktoba, shambulio jingine lilimwua mwanawe Abdulrahman, kijana wa miaka 16 mzaliwa wa Denver. Mwaka 2013 serikali ilikiri vifo hivyo, ikaeleza kwamba kijana huyo hakuwa amelengwa.

Sasa tuzitazame hoja. Mitt Romney alijibu kwamba mtu aliyejiunga na kundi lililotangaza vita dhidi ya Marekani anastahili kutendewa kama adui wa vita. Newt Gingrich alikwenda mbali zaidi. Alidai kwamba sheria ilifuatwa, kwa kuwa jopo la serikali lilikuwa limempima mtu huyo na kumwona ana hatia. Tena, vitani hakuna mahakama. Ukumbi ulimpigia makofi.

Makofi hayageuzi jambo kuwa kweli. Jopo hilo lilikuwa la nani? Lilikuwa la serikali ile ile iliyotuhumu, iliyopeleleza na iliyorusha kombora. Mtuhumiwa hakuwa na wakili, na ushahidi wenyewe ulikuwa siri. Huku ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Mahakama haikubuniwa ili kuwafurahisha wanasheria. Ilibuniwa kwa sababu mwenye nguvu ya kuua hawezi kuaminiwa kujipima mwenyewe.

Ama hoja ya vita, nayo haisimami kwa urahisi huo. Askari anayemfyatulia risasi mwenzake vitani hangoji hakimu, hilo linaeleweka. Lakini jina la al-Awlaki lilikwisha kutiwa katika orodha ya watu wa kuuawa zaidi ya mwaka mzima kabla ya kifo chake. Muda huo ulitosha kufungua mashtaka. Ulimtosha hata baba yake mzazi, Nasser, kwenda mahakamani mwaka 2010 kuomba mwanawe asiuawe bila hukumu. Tarehe 7 Desemba mwaka huo Jaji John Bates aliitupa kesi, akisema baba hana haki ya kisheria kumdai mwanawe, na kwamba suala lenyewe ni la kisiasa. Kwa hiyo basi, mahakama ilisema suala ni la wanasiasa, na wanasiasa wakasema sheria imekwisha kufuatwa. Kati ya kauli hizo mbili sheria ilitoweka.

Wala tusidhani kwamba hili lilikuwa kosa la chama kimoja. Aliyeamuru mauaji alikuwa Rais Obama wa chama cha Democratic. Machi 2012 Mwanasheria Mkuu wake, Eric Holder, alieleza mjini Chicago kwamba utaratibu wa haki unaodaiwa na Katiba si lazima uwe wa mahakama. Na Oktoba 2012, Romney alipokabiliana na Obama huko Boca Raton, aliulizwa kuhusu ndege zisizo na rubani, naye akaunga mkono sera ya mpinzani wake. Wagombea waliogombana juu ya kodi na hospitali hawakuwa na ugomvi juu ya mamlaka ya kuua. Hapo ndipo kada anapopaswa kutazama: mahali ambapo wapinzani hawapingani.

Aliyepinga ni Ron Paul, ambaye siku ile ile ya mauaji alilaani kuuawa kwa raia bila mashtaka. Tunamsifu kwa hilo, lakini hoja iliyosimama juu ya uraia ina ufa. Kama ubaya wa tendo ni kwamba aliyeuawa ana pasipoti ya Marekani, mchungaji wa Yemen asiye nayo atalindwa na nani? Marekebisho ya Tano ya Katiba ya nchi hiyo, ya mwaka 1791, yanataja mtu, hayataji raia.

Sisi tuna sababu ya kulijua jambo hili. Tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu yaliua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi. Watanzania wawili waliotuhumiwa, Khalfan Khamis Mohamed na Ahmed Khalfan Ghailani, walifikishwa mbele ya mahakama New York. Wa kwanza alitiwa hatiani mwaka 2001. Wa pili, mwaka 2010, aliachiwa katika mashtaka zaidi ya 280 na kutiwa hatiani kwa moja. Wote wawili walifungwa maisha. Basi nani aseme mahakama haiwezi?

Lakini mkosoaji asiyejikosoa ni mnafiki. Nasi tulikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumshtaki. Haki za msingi ziliingia katika Katiba yetu mwaka 1984 tu, na Ibara ya 13 sasa yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Ibara hiyo haijilindi yenyewe.

Madaraka yakishatolewa hurithiwa. Tarehe 29 Januari, 2017, siku tisa baada ya Rais mwingine kuapishwa, askari wa Marekani walishambulia kijiji cha Yakla, Yemen. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Nawar, binti wa al-Awlaki. Alikuwa na umri wa miaka 8.