Isnadi ya Namba

208.65.153.0/24, kisha 3491 17557. Hilo ndilo tangazo zima: fungu la anwani za intaneti, kisha namba za mitandao. Tarehe 24 Februari 2008 mstari huu uliifanya YouTube isipatikane katika sehemu kubwa ya dunia kwa zaidi ya saa mbili, na fani yake inastahili kusomwa polepole.

Tuanzie mkiani. 17557 ni Pakistan Telecom, iliyodai kuwa anwani hizo zinafikiwa kwake. 3491 ni PCCW ya Hong Kong, iliyolipokea dai hilo na kuwapasha wengine. BGP, itifaki inayoiunganisha mitandao ya intaneti, ina kanuni moja ya utungo: kila anayepitisha habari hutanguliza namba yake. Wa karibu nawe husomwa kwanza, mwenye chanzo mwisho. Aliyesoma madrasa ataijua fani hii mara moja: ni isnadi, fulani kapokea kwa fulani. Ila wanazuoni wa hadithi waliwachambua wapokezi mmoja mmoja, ilhali siku ile PCCW ilipitisha bila kuhoji.

Tena mnyororo wenyewe si wa kwanza kutazamwa. YouTube ilikuwa ikitangaza /22, anwani 1,024. Pakistan Telecom ikachomoa /24, yaani 256 kati ya hizo hizo. Ruta, vifaa vinavyoelekeza data, hufuata dai finyu zaidi, hata kama msemaji wake yuko mbali. Serikali ya Pakistan ilitaka YouTube ifungwe nchini mwake. Tangazo likavuka mpaka, na ufinyu wake ukalipa nguvu kila lilikofika.

YouTube haikuwa na lugha nyingine ya kujibia. Saa 20:07 UTC nayo ikatangaza /24. Sasa madai yakalingana upana, na hapo ndipo isnadi ikapata kazi: kwa kawaida mnyororo mfupi hushinda, japo kila mtandao hutanguliza kwanza matakwa yake, na matakwa hayo mara nyingi ni ya kibiashara. Saa 20:18 YouTube ikayakata zaidi, /25 mbili za anwani 128 kila moja. Majibizano haya yana mshindo wa malumbano, anayejibu akimfikia mwenzake kisha akibana zaidi.

Lakini mstari ninaoupenda ni wa saa 20:51: 3491 17557 17557. Namba imerudiwa. Katika ushairi takriri hukazia. Hapa hudhoofisha, kwa kuwa hurefusha mnyororo, na ruta zaidi zikaigeukia YouTube. Dakika 10 baadaye PCCW iliyafuta matangazo yote ya 17557.

Leo upo mfumo wa RPKI, unaomwezesha mwenye anwani kutia saini kidijitali kwamba namba fulani ndiyo yenye ruhusa ya kuzitangaza, na kwa upana gani. Mtandao unaokagua saini hizo ungeikataa ile /24. Hata hivyo katika mnyororo saini inahusu mkia tu, namba ya mwisho kulia. Anayeighushi namba hiyo na kujiweka mbele yake kama mpokezi hupita ukaguzi huo bila kuguswa, mradi asiuvuke upana ulioruhusiwa.