Jina na Gharama: Thamani za Kibinadamu katika Kusadikika na Adili na Nduguze

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ni nadra kupata istilahi iliyochakaa kama maadili. Mwanafunzi wa shule ya upili hufunzwa kuyatafuta katika kila kitabu kiteule, akayaorodhesha, akakariri orodha hiyo na kuitapika siku ya mtihani. Akifika chuo kikuu huja na mazoea yayo hayo, ila sasa huyaita maudhui. Aghalabu orodha yenyewe haina kosa. Ni kweli kwamba mhusika fulani ni mkarimu na mwingine ni mchoyo. Kinachokosekana ni swali la msingi: ukarimu huo ulimgharimu nini mwenyewe, na ni nani aliyeudhika kwao? Makala haya yanadai kwamba swali hilo ndilo kiini cha thamani za kibinadamu kama zinavyojengwa katika kazi mbili za Shaaban Robert (1909–1962), na kwamba ufunzaji wa maadili unaolikwepa hufunza majina ya thamani bila kufunza thamani zenyewe.

Istilahi zinazotumiwa katika mjadala huu zinastahili kutazamwa kwanza, kwa kuwa kila moja ina mzigo wake. Adili, ambalo ndilo chimbuko la maadili na uadilifu, ni neno lenye asili ya Kiarabu linalohusiana na haki na usawa. Kwa hivyo, maadili katika asili yake hayakuwa adabu ya mtoto mbele ya wakubwa, ingawa darasani humaanisha hivyo mara nyingi. Yalihusu mizani baina ya mtu na mtu. Thamani nayo haijaachana na soko: kitu chenye thamani kina bei, na mwenye kukitaka hana budi kulipa. Utu ndio wa Kibantu miongoni mwa haya, na umeundwa kwa shina lile lile la mtu. Mzungumzaji wa Kiswahili anaposema kwamba fulani si mtu, hakani kuwa fulani ana mikono na miguu. Anadai kwamba utu ni hali inayoweza kupotea huku umbo likibaki. Dai hili litarejelewa, kwani Adili na Nduguze limejengwa juu yake kwa njia ya ajabu.

Nchini Kenya haja ya kufunza maadili imetambuliwa rasmi mara kadhaa. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilihimiza mafunzo ya maadili shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulileta somo la Elimu ya Jamii na Maadili katika shule za upili, somo ambalo baadaye liliondolewa mtaala ulipopunguzwa. Katiba ya mwaka 2010 inazitaja thamani za kitaifa katika kifungu cha 10, na utu wa binadamu umo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unataja thamani nane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Hapana mwenye akili timamu atakayeipinga orodha hiyo. Na hapo ndipo penye tatizo, kwani orodha isiyoweza kupingwa na yeyote haimdai yeyote chochote.

Orodha ya namna hiyo imo pia katika Kusadikika (1951), na mhakiki anayesoma kwa pupa huipita bila kuiona. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma pande mbalimbali: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Majina haya ya kimajazi yamefafanuliwa katika tahakiki nyingi, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kueleza kwamba buruhani ni ushahidi, auni ni msaada, amini ni mwaminifu. Uhakiki wa kawaida huishia hapo. Ila yakisomwa kwa mfululizo, majina hayo sita yanakaribia kuwa mtaala kamili wa maadili, nao watawala wa Kusadikika wameutia mtaala huo gerezani. Kila mjumbe alirudi na jambo la kuifaa nchi yake, na kila mmoja akalipwa kifungo.

Kwa mintarafu hii, Kusadikika si nchi isiyojua thamani. Inazijua vyema, inazipa watu wake ziwe majina, inawatuma wazitafute nchi za mbali, kisha inawaadhibu wanapozileta nyumbani. Mwandishi hapingani na ujinga wa maadili. Anapingana na utawala unaoyapenda yakiwa mbali. Haikosi maana kwamba aliyeandika haya alikuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama istiari ya ukoloni, na usomaji huo una mashiko. Lakini ukichukuliwa peke yake unamfariji msomaji wa leo kupita kiasi, kana kwamba kesi ya Karama ilifungwa siku bendera iliposhushwa.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni namna Karama anavyojitetea. Hatangazi kwamba yeye ni mwema. Anasimulia. Siku baada ya siku, kwa muda wa siku sita, anaweka mbele ya baraza mkasa wa mtu mwingine na kuwaachia wasikilizaji kazi ya kupima. Thamani ya haki haitajwi tu katika riwaya hii. Imo katika kitendo chenyewe cha mshtakiwa kusikilizwa hadi mwisho. Mwishowe anaachiliwa na wale sita wanafunguliwa. Kuna wanaouona mwisho huu kuwa mwepesi mno, nao hawajakosea sana. Mfalme anayegeuka kwa hotuba ni adimu hadithini na adimu zaidi duniani. Hata hivyo, kilichombadilisha mfalme si mawaidha. Ni ushahidi uliopangwa, wenye majina ya watu walioumia.

Adili na Nduguze (1952) inalipeleka suala hili mahali pagumu zaidi. Chanzo cha hadithi kimo katika Alfu Lela U Lela, katika kisa cha Abdallah bin Fadhil na ndugu zake. Adili anao ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomhini vibaya, na kwa nguvu za jini Huria wamegeuzwa manyani. Kila usiku Adili hana budi kuwapiga. Akishawapiga huwahurumia na kulia. Tahakiki nyingi hupita hapa haraka: Hasidi na Mwivu ni waovu, wameadhibiwa, Adili ni mwadilifu, funzo limepatikana. Usomaji huu unafumbia macho tukio linalotisha, kwamba mtu ambaye jina lake ni uadilifu ndiye anayeshika chombo cha kupigia. Endapo jina lingetosha kuwa thamani, usiku mmoja wa Adili ungelivunja.

Hapa ndipo dai la lugha kuhusu utu linapopata mwili. Nduguze wamepoteza umbo la binadamu baada ya kupoteza utu. Hilo ni wazi na halihitaji mhakiki. Lisilo wazi ni kwamba Adili naye yumo hatarini. Anayepiga kila usiku kwa amri anaweza kuzoea, na mkono uliozoea haulii. Kulia kwake, basi, si pambo la kimtindo la kumwonyesha kuwa mpole. Ni ushahidi pekee alio nao msomaji kwamba adhabu haijamla mwadhibu. Mwalimu yeyote aliyewahi kushika kiboko katika shule za Kenya kabla ya adhabu hiyo kupigwa marufuku mwaka 2001 (na baadhi yao hata baadaye) atalielewa tukio hili bila kufafanuliwa.

Ulinganisho na kisa cha Kiarabu unaonyesha uamuzi wa mwandishi. Katika Alfu Lela U Lela ndugu wale wakisharudishiwa umbo lao wanajaribu kumuua Abdallah, nao wananyongwa. Shaaban Robert amelikataa hitimisho hilo. Hasidi na Mwivu wanarudishiwa ubinadamu na kupewa nafasi ya kuishi upya. Mhakiki wa uhalisia atalalamika kwamba kisa cha awali kinaijua husuda vizuri zaidi, na pengine ni kweli. Lakini kwa kuubadilisha mwisho mwandishi amechukua msimamo: utu uliopotea unaweza kurejea, na kwa hiyo kuufunza si kazi bure. Asiyekubali hivyo hana sababu ya kuingia darasani.

Pingamizi moja ni zito. Shaaban Robert mwenyewe ni mwandishi wa mawaidha. Wahusika wake wengi ni bapa, na mara nyingi msimulizi husimamisha hadithi ili ahubiri. Aidha, fasihi ya Kiswahili ina utamaduni mkongwe wa wasia wa moja kwa moja, mfano mashuhuri ukiwa utendi ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye mwaka 1858. Je, si kosa kudai kwamba thamani hufunzwa kwa mgogoro tu? Jibu ni kwamba hata wasia ule una gharama ndani yake. Anayeusia ni mama mgonjwa anayejua kwamba huenda asimwone bintiye akikomaa. Msomaji wa leo anaweza kuyakataa mengi anayoyasema kuhusu mke na mume, na wengi wameyakataa kwa hoja nzuri. Hawezi kusema kwamba ni maneno ya bure. Uchungu wa msemaji ndio unaoyapa uzito, na ukiondolewa hubaki kanuni za nyumbani. Mahali ambapo Shaaban Robert anahubiri bila uchungu wa namna hiyo, nathari yake hulegea, na hakuna haja ya kumtetea hapo.

Mwalimu wa fasihi hahitaji somo jipya wala orodha mpya. Anahitaji kubadilisha swali. Badala ya "taja maadili manne yanayojitokeza katika Kusadikika", darasa linaweza kuulizwa: baada ya mjumbe wa kwanza kurudi na kufungwa, kwa nini wa pili alikubali kwenda? Riwaya haijibu kwa sentensi moja, na mwongozo wa kusahihisha hauwezi kulipangia alama nne. Mwanafunzi atalazimika kurudi kitabuni, amtazame Fadhili akiianza safari, na aseme kama yeye angeondoka.