Askari na Raia: Maneno Yetu Juu ya Hatari na Wajibu wa Polisi

Mambo mawili husemwa mara kwa mara juu ya polisi katika nchi zetu, na kwa desturi hayasemwi na mtu mmoja. La kwanza ni hatari iliyomo katika kazi yao: askari huvamiwa kituoni, huviziwa njiani, hufa angali kijana. La pili ni madai ya raia kwamba askari naye aulizwe, hasa pale mtu anapokufa mikononi mwake. Mwenye kulitaja la kwanza hudhaniwa kuwa mtetezi wa polisi, na mwenye kulitaja la pili hudhaniwa kuwa adui yao. Kuamua baina ya hao wawili si kazi ya makala haya. Kazi yetu ni lugha, na neno letu ni hili: jinsi tunavyoyasimulia mambo hayo kwa Kiswahili ina kasoro moja, na kasoro hiyo humdhulumu askari kama inavyomdhulumu raia.

Na tuanze na majina yenyewe. Neno *askari* tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni jeshi. Kwetu limepanuka mno: askari ni mwanajeshi, ni polisi, ni mlinzi wa jela, ni mlinzi wa wanyamapori, ni hata mzee anayekesha mlangoni pa duka. Ndiyo maana tulipomhitaji mpelelezi asiyevaa sare tulimwita *askari kanzu*, jina zuri linaloonyesha kuwa kwa macho ya watu sare ndiyo iliyokuwa alama kuu ya kazi hiyo. *Afande*, neno analomwitia askari mkubwa wake, lilitoka kwa Waturuki na kutufikia kwa njia ya majeshi. Neno *raia* nalo ni la Kiarabu, na katika asili yake lina maana ya kundi lichungwalo, kisha watu walio chini ya mtawala. Leo twalitumia kwa mwananchi mwenye haki zake, lakini asili ya maneno haiishi upesi. Tukiyaweka majina hayo mawili pamoja, *askari* na *raia*, twapata jeshi upande mmoja na kundi upande wa pili. Hapo hakuna anayemwuliza mwenzake neno.

Watunga sheria wameliona jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliunda Huduma ya Taifa ya Polisi, na jina la zamani lenye maana ya nguvu likaachwa. Huko Tanzania jina ni Jeshi la Polisi, na tume iliyoundwa mwaka 2023 kuchunguza taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza polisi wafanywe kuwa chombo cha huduma. Polisi wa Kenya walikuwa tayari na wito wao wa miaka mingi, *Utumishi kwa Wote*, na wito huo wastahili kutazamwa na mwanafunzi wa lugha. *Mtumishi* ametoka katika *tuma* na *tumika*, naye ni yule atumwaye. Basi kila utumishi una aliyetuma, na aliyetuma ana haki ya kuuliza kazi ilikwendaje. Wito huo, ukisomwa sawasawa, tayari una wajibu ndani yake. Lakini kubadili jina hakutoshi ikiwa sentensi zinazofuata jina hilo zimebaki zilivyokuwa.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kiswahili kina njia nyingi za kutaja tendo bila kumtaja mtendaji. Iko kauli ya kutendwa: *ameuawa*. Iko kauli ya kutendeka: *bunduki ilifyatuka*. Iko pia njia ya kukifanya chombo kuwa kiima: *risasi ilimpata*. Kisha liko neno dogo *kwa*. Mtu aliyeuawa *na* fulani ana muuaji, lakini aliyekufa *kwa* risasi ana chombo tu, na mkono ulioshika chombo hicho haumo katika sentensi. Njia hizi si mbovu zenyewe. Bunduki hufyatuka kweli bila mtu kukusudia, na mara nyingine mtendaji hana maana katika habari inayosimuliwa. Ubovu huja pale njia hizo zinapokuwa desturi, zikatumika zaidi penye swali moja tu lenye maana: *nani?*

Na tutazame mfano mkubwa. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia, na 405 kati yao walikufa kwa risasi, yaani zaidi ya theluthi. Lau tume ingeishia katika *kwa risasi*, ripoti yake ingekuwa orodha ya majeraha. Haikuishia hapo. Iliuliza risasi hizo zilitoka kwa nani, ikawataja polisi, ikapendekeza chombo cha kiraia cha kuwachunguza. Mwaka 2011 ikatungwa sheria iliyoweka mamlaka huru ya kusimamia mwenendo wa polisi, yenye kazi ya kupeleleza kila kifo na kila jeraha kubwa lililosababishwa na askari. Atakaye anaweza kusema kwamba mamlaka hiyo imefanya machache kuliko ilivyotarajiwa, na maandamano ya Juni 2024 pamoja na vifo vyake yaliyafufua maswali yale yale. Hata hivyo, njia iliyopitwa ni dhahiri: hatua ya kwanza ilikuwa kutoka katika *kwa* na kuingia katika *na*.

Sasa tugeuke upande wa pili, ambao watetezi wa raia huupita upesi. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa usiku. Waliouawa walikuwamo askari wanne, na silaha zikachukuliwa. Aprili 2017 askari wanane waliviziwa na kuuawa katika wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani. Kabla ya hapo, Novemba 2012, zaidi ya askari 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi kaskazini mwa Kenya, walipokuwa wakiwafuatia wezi wa mifugo. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka mafunzoni si zamani.

Lugha yetu iliwapa nini watu hawa? Iliwapa neno *shujaa*. Walikufa kishujaa, wakazikwa kwa heshima. Hatulibezi neno hilo, kwani marehemu walistahili heshima, na wafiwa wana haki ya kufarijiwa. Lakini *kishujaa*, kama *kwa risasi*, ni neno linaloeleza namna ya kufa na kuyafunga maswali. Nani aliwapeleka vijana bondeni? Waliambiwa nini juu ya idadi na silaha za waliokuwa wakiwafuata? Walipewa vifaa gani? Aliyetoa amri alijibu kwa nani? Maswali haya ni ya uwajibikaji, na anayedai majibu ni mjane wa askari. Shujaa hana haja ya maelezo, bali mtumishi aliyetumwa akafa hapana budi aelezwe alitumwaje.

Katika matukio ya Kibiti na mengine ya mwaka 2017 ulienea Tanzania msemo *watu wasiojulikana*. Ulitumika kwa waliowaua askari na viongozi wa vijiji, kisha ukatumika kwa waliompiga risasi mbunge Tundu Lissu huko Dodoma, Septemba mwaka huo. Yawezekana msomaji akatukosoa hapa akisema: kama muuaji hajulikani, mwandishi afanyeje? Akimtaja asiyemjua atakuwa mwongo, au atakuwa amemhukumu mtu kabla ya mahakama. Kosoo hili ni la haki. Siku ya kwanza ya tukio, kusema hajulikani ni kusema kweli. Lakini tuitazame sarufi. Kirejeshi *wasiojulikana* hakina wakati. Hakisemi hawajulikani leo, wala hakiahidi kwamba watajulikana kesho. Chawaeleza kana kwamba kutojulikana ndiyo tabia yao, kama tusemavyo *wadudu wasioonekana* au *maji yasiyonyweka*. Tungeweza kusema *watu ambao hawajajulikana*. Katika *-ja-* hiyo iliyokanushwa limo neno *bado*, na ndani ya *bado* iko ahadi ya upelelezi. Tofauti ni silabi chache, lakini kwa msemo wa kwanza jalada limefungwa, na kwa wa pili liko wazi. Si ajabu kwamba *wasiojulikana* limekuwa kama jina la ukoo: watu wamekwisha kuliona kuwa halitarajii jibu.

Hivyo sarufi ile ile iliyoficha mkono uliomwua raia ndiyo iliyoficha mkono uliomwua askari. Mama wa kijana na mjane wa polisi husimama mbele ya sentensi moja. Wanaodhani kwamba kumwuliza polisi ni kumwongezea hatari wangefaa kulifikiri jambo hili, maana desturi ya kutouliza haijamkinga.

Tungetarajia fasihi itusaidie, kwa kuwa hadithi ya upelelezi imestawi katika Kiswahili. Mohamed Said Abdulla alishinda katika mashindano ya East African Literature Bureau ya miaka 1957/58, na *Mzimu wa Watu wa Kale* kikatoka mwaka 1960. Bwana Msa ni mtu wa akili na kiko. Hana sare wala mshahara wa serikali, na ushindi wake ni wa kufikiri. Polisi wako pembeni, wakingoja kufunguliwa fumbo. Faraji Katalambulla, katika *Simu ya Kifo* ya mwaka 1965, alimweka Inspekta Wingo katikati, na hiyo ilikuwa hatua ya kweli: hatimaye afisa wa polisi ndiye mwenye hadithi. Lakini waliofuata hawakuiendeleza njia hiyo sana. Joram Kiango wa Ben Mtobwa hufanya kazi yake binafsi na kuwatangulia polisi. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi wa serikali, naye huua adui zake bila jalada kufunguliwa wala mkubwa yeyote kumwita ajieleze.

Kasoro tunayoiona si ya ufundi, kwa maana vitabu hivi vimewapa watu furaha na vimewafundisha wengi kusoma. Kasoro ni kwamba mashujaa wake hawana mambo mawili yaliyo katikati ya maisha ya askari wa kweli. Hawaogopi kama aogopavyo mtu aliye lindoni usiku na bunduki ya zamani, na hawajibu kwa mtu yeyote. Mambo hayo huondoka pamoja, kwa kuwa asiyeweza kufa hana haja ya kutoa sababu ya kupiga risasi. Hadithi ya konstebo mmoja wa cheo cha chini, aliyeogopa, akapiga, kisha akatakiwa aeleze alichokiona, tunaingoja bado. Hiyo ingekuwa kazi ngumu kuliko fumbo la Bwana Msa, na ingemfaa askari kuliko sifa.

Limebaki neno lenyewe, *uwajibikaji*. *Kuwajibika* limeundwa kwa *wajibu* na kiambishi cha kutendeka, nalo halimtaji anayeuliza. Katika siasa za Tanzania limepata pia maana ya kujiuzulu, na mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani katika miaka ya 1970 baada ya watu kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika sehemu za Mwanza na Shinyanga. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu, lakini alikubali kwamba tendo la walio chini yake lina mwenyewe. Tendo hilo lilikuwa la heshima, na ndilo lililolipa neno uzito wake. Ila kuwajibika kwa namna hiyo hutegemea uungwana wa mtu. Sheria haiwezi kuungoja uungwana, nayo huhitaji *kuwajibisha*, kitenzi ambacho hakikamiliki mpaka yuko anayewajibisha na anayewajibishwa.

Tunamaliza kwa kuwaomba wahariri, watangazaji na walimu wa lugha jambo dogo. Pale habari inapohusu kifo, cha askari au cha raia, sentensi yake iulizwe: mtendaji yuko wapi? Kama anajulikana kwa ushahidi, atajwe kwa *na*. Kama hajajulikana, isemwe *hajajulikana*, ili kesho msomaji awe na haki ya kuuliza kama amekwisha kujulikana.